Mgongo Hauna Macho

Mayai yalikuwa yakigongana ndani ya sufuria. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, na katika giza lile la alfajiri hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika nyumbani kwa Rachael: ko, ko, ko, kama vidole vya mgeni mwenye haya anayebisha mlango ambao haujafungwa. Rachael alipunguza moto, akatega sikio. Nje, chini ya dirisha la jikoni, mtu akakohoa kidogo.

"Mama, umeshafika?"

"Nimefika kitambo. Endelea na kazi yako."

"Si uingie ndani? Nje kuna baridi."

"Baridi haijawahi kuniuliza maswali," mama yake akajibu. "Huyo mwenye nyumba ameamka?"

"Anaoga."

"Basi mimi nitakaa hapa hapa."

Wahenga walisema kwamba lisilo budi hutendwa. Maana yake si ngumu: likikufika jambo lisilo na kona ya kuzungukia, utalitenda tu, hata kama jana uliapa kwamba hutalitenda. Methali hiyo ni nyepesi mdomoni. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuisema huku akitafuna mahindi. Uzito wake hujulikana siku ile jambo lenyewe linaposimama mbele ya mtu, nyuma yake pasiwe na njia ya kurudi. Siku hiyo, kwa Mama Makhanu wa Shianda, mama yake Rachael, ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti.

Mama Makhanu alikuwa mjane, mkulima wa miwa, na katika mambo ya mila alikuwa amenyooka kama rula. Alikuwa amelelewa akijua kwamba mama wa mke na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja na hawatazamani machoni. Wenzake wa rika lake walikuwa wamelegeza kamba. Wengine waliongea na wakwe zao kwa simu na kucheka nao. Wengine hata walipigwa nao picha kanisani. Yeye hakulegeza. Tangu Phanuel, mume wa Rachael, alipoleta ng'ombe wa mahari, yapata miaka saba, hakuwahi kugusa hata ukosi wa shati lake. Wala haikuwa chuki. "Heshima ni ua," alikuwa akimwambia Rachael. "Ng'oa mti mmoja tu, ng'ombe wote wanatoka."

Kwa hiyo alipokuja Kakamega kutibiwa macho, hakulala kwa binti yake. Alilala kwa rafiki yake wa kanisani, ng'ambo ya barabara. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa limeanza kuvuta ukungu. Jumatatu angepasuliwa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba matumaini ni makubwa, lakini Mama Makhanu alikuwa ameishi miaka mingi kiasi cha kujua kwamba matumaini hayasainiwi na mtu yeyote.

"Kabla hawajanigusa hilo jicho," alimwambia Rachael, "nataka nione kitu kikubwa."

Kitu hicho kilikuwa Khulwanda, maporomoko ya maji ndani ya msitu, ambayo watu huenda kuyatembelea siku za mapumziko. Marehemu mumewe aliwahi kufika huko akiwa kijana, na kwa miaka thelathini alimsimulia mkewe kuhusu maji yanayosimama wima kama mtu. Mama Makhanu alikuwa amezaliwa, ameolewa na amefiwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapo. Alikuwa hajawahi kupaona.

Rachael hakuwa na la kupinga. Yeye mwenyewe alikuwa akisoma masomo ya jioni baada ya kazi ya cherehani, na alijua jinsi mtu anavyoweza kutamani kitu kwa miaka bila kukitaja. Alifunga mayai, nduma na chupa ya chai, akamvalisha viatu bintiye Khalayi, mwenye miaka sita. Saa mbili asubuhi walikuwa wamesimama kwenye lango la msitu.

Mlinda lango alikuwa mzee wa makamo aliyeitwa Andati, mwenye koti la mvua lililochakaa mabegani. Phanuel alisogea dirishani kununua tiketi. Mama Makhanu, kama kawaida, alikuwa amebaki nyuma hatua thelathini hivi, akiutazama upande mwingine, na Rachael alikuwa amesimama naye.

"Sikiza, kijana," Andati akamwambia Phanuel. "Mkifika kule, muangalie rangi ya maji. Yakibadilika, msingoje kuulizana. Mvua ya milima ya Nandi hainyeshi hapa, lakini inafikanga hapa."

"Nimesikia, mzee."

Alikuwa amesikia. Ila alisikia peke yake.

Wakaingia msituni kwa mpango wao wa siku zote. Mbele alitangulia Phanuel na mkoba. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mabega mapana na maneno machache. Nyuma, hatua kumi na tano hivi, walifuata Rachael na mama yake. Katikati alikuwa Khalayi, akikimbia huku na huko na ujumbe, kwa maana wazee wake hao wawili hawakuwa na njia nyingine ya kuzungumza.

"Kukhu," alisema, kwa jina ambalo watoto wa kwao humwitia bibi, "Baba anasema kuna mzizi hapo mbele, usijikwae."

"Mwambie baba yako nimeuona kabla yake."

"Baba, Kukhu anasema ameuona kabla yako."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Asante ya nini? Mzizi ni wake?"

Rachael aliuma mdomo asicheke. Lakini baada ya muda maneno yalianza kuwapungukia wote. Msitu ulikuwa umewafunika. Mwanga haukuanguka kutoka juu. Ulichujika, ukashuka kijani na laini, kana kwamba umepita kwenye majani elfu kabla ya kuruhusiwa kugusa ardhi. Hewa ilinukia udongo uliolowa na uyoga. Juu kabisa, mbega walipita wakiruka na manyoya yao meupe yakipepea nyuma kama mitandio ya maharusi. Mama Makhanu, aliyezoea mashamba ambamo miwa yote ina kimo kimoja, alisimama mbele ya mkuyu na kuinua uso polepole, akaendelea kuinua, mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka kisogoni.

"Huu mti ni wa nani?"

"Ni wa serikali, mama."

"Serikali inajua uko hapa?"

"Inajua."

"Na ikalala usingizi?" Aliuweka mkono kwenye gome, taratibu, kama mtu anayemgusa ng'ombe asiyemfahamu. Hakuuondoa upesi.

Njia ilipanda, ikashuka, kisha ikakatwa na kijito. Asubuhi ile kilikuwa kimetulia tuli, maji hayafiki vifundoni, safi kiasi cha kuhesabu changarawe zilizolala chini. Phanuel alikata fimbo ndefu, akampa Khalayi, Khalayi akampa Kukhu. Mama Makhanu alivuka akikanyaga jiwe hadi jiwe, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ndani ya mkono wa Rachael. Phanuel alikuwa amegeuka kutazama miti mpaka alipoambiwa na mtoto kwamba tayari wamefika.

Ng'ambo ile ndiko kulikokuwa na Khulwanda. Palikuwa mahali kama bakuli kubwa la mawe: kuta za mwamba pande tatu, zimeota kuvu na kangaga, na upande wa nne kijito walichovuka, kinachotoka mbali upande wa milima ya Nandi. Kutoka juu ya ukuta wa nyuma, maji yalishuka.

Hayakushuka kama maji. Yalijitupa kutoka angani, yakafunguka hewani, yakawa meupe, na kabla hayajafika chini yalikuwa yamegeuka moshi. Ngurumo yake haikuingia masikioni tu. Ilipanda kwa nyayo, ikapitia magoti, ikatulia kifuani. Rachael alihisi nywele za mikono zikimsimama. Vijana wa chuo waliokuwa wakipiga picha pale walikuwa wamesahau simu mikononi mwao, wamebaki kutazama.

Mama Makhanu alitazama akasema, "Naona kitambaa cheupe tu." Rachael alisikia moyo ukimshuka. Lakini mama yake alikwisha kuvua viatu. Alifunga gauni lake juu ya magoti kama anayeingia shamba lenye umande, akajongea jiwe kwa jiwe, karibu zaidi, mpaka manyunyu yakaanza kumpiga usoni. Hapo akasimama. Alifumba jicho la kulia, lile lisiloona, na kulikodoa la kushoto. Maji yalimtiririka mashavuni, na Rachael hakuweza kujua yepi yalikuwa ya mwamba na yepi yalikuwa yake.

"Baba Makhanu," mama akasema kwa sauti ndogo, kama mume yuko ubavuni, "nilikuwa nadhani unaongeza chumvi. Kumbe ulikuwa unapunguza."

Rachael alimwacha. Kuna saa ambazo mtoto hapaswi kusimama kati ya mzazi wake na kitu anachokiona. Walikula nduma na mayai wakiwa wamekaa mbalimbali, kila mtu na jiwe lake. Mchana ulisogea. Wale vijana walikusanya vitu vyao wakaondoka. Mama Makhanu akarudi tena kwenye manyunyu, miguu mitupu, gauni likiwa limefungwa palepale juu ya magoti.

Phanuel alikuwa ameketi kando ya kijito, amewapa mgongo. Yeye ndiye aliyeona jani la kwanza. Lilipita mbio, likafuatwa na mengine, kisha kijiti, kisha povu. Changarawe hazikuhesabika tena. Maji yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Akainuka. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa ambalo mgeni wa desturi ile asingeweza kulifanya. Mtu mwingine angepaza sauti. Lakini mkwe hampigii kelele mama wa mkewe. Mtu mwingine angekimbia kwenda kuwaita. Lakini mama mkwe alikuwa magoti wazi, na mkwe hawezi kumkaribia akiwa katika hali hiyo hata nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo Phanuel alifanya alichofanya miaka yote saba.

"Khalayi, kimbia. Mwambie Kukhu maji yanabadilika rangi, tuondoke sasa hivi."

Khalayi alikimbia. Njiani, kwenye tope, kulikuwa na vipepeo, wengi kama maua yaliyomwagwa, wa buluu na wa manjano, na alipowafikia wakainuka wote pamoja wakamzunguka. Akasimama katikati yao mikono wazi, mdomo wazi, kwa muda ambao hakuna mtoto angeweza kuupima. Alipomfikia bibi yake, nusu ya ujumbe ilikuwa imeruka na vipepeo.

"Kukhu, Baba anasema twende."

"Mwambie bado naangalia."

"Ana njaa huyo," Rachael akasema kwa utani. "Amekula mayai mawili tu."

Khalayi akarudi na jibu. Phanuel akamtuma tena, safari hii akimshika mabega na kumfanya ayarudie maneno yote. Lakini mtoto hakuwa amefika nusu ya njia wakati mlio wa kijito ulipobadilika. Ulikuwa wimbo, ukawa mngurumo wa lori linalopanda mlima. Rachael akageuka, na macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mawe waliyovukia asubuhi hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na maji mekundu, mazito, yanayokimbizana na magogo.

"Mama! Shusha gauni, twende."

Walipofika kando, maji yalikwisha kumeza mchanga na kulamba mwamba waliosimama juu yake. Nyuma yao kuta za mawe zilikuwa zimepanda wima, hazina hata mahali pa kushika vidole. Njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita ndani ya kijito.

Phanuel hakungoja kuambiwa. Alimweka Khalayi mabegani, akaingia. Maji yalimfika mapajani. Rachael alimtazama roho mkononi, mpaka alipomwona mtoto ameketishwa juu ya gogo kubwa mbali na ukingo, akiamriwa asiondoke hapo. Kisha Phanuel akarudi, na aliporudi maji yalikuwa yamepanda mpaka nyonga.

"Nitambeba mimi," Rachael akasema kabla mtu mwingine hajasema lolote.

Alichuchumaa, mama yake akapanda mgongoni. Rachael alikuwa mwembamba, mtu wa kuketi kwenye cherehani. Lakini mapenzi hayapimwi kwa ratili. Alichukua hatua moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne jiwe likageuka chini ya mguu wake. Wote wawili wakaanguka upande, maji yakawafunika mabega, na Rachael akaisikia fimbo ya mama yake ikikwaruza mwamba.

Phanuel alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Aliutupa mkono wake kwa mama mkwe, ukaenda, ukaenda, kisha, shubiri moja kabla ya kumfikia, ukasimama hewani. Ulisimama pale peke yake, kama mkono wa mtu mwingine. Akamshika Rachael badala yake, Rachael akamng'ang'ania mama yake, na hivyo, wakiwa wameshikana kama shanga, wakavutana mpaka juu ya mwamba.

Mama Makhanu alikohoa maji. Alipopata pumzi alisema kwa utulivu, "Nyinyi vukeni. Mtoto yuko peke yake upande ule."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema hivyo. Maji yatashuka tu. Nitakaa hapa."

"Utakaa wapi? Hapa ulipo ndipo yanapokuja."

Kweli yalikuwa yanakuja. Mwamba ambao muda mfupi uliopita ulikuwa na upana wa kitanda sasa ulikuwa umebaki upana wa benchi. Ng'ambo, Khalayi alikuwa ameanza kulia akimwita mama yake, na kila mwito ulimkata Rachael kama wembe. Mtoto wake upande mmoja, mama yake upande wa pili, na maji katikati yanapanda bila kumwuliza mtu.

"Mama," akasema, "Jumatatu daktari anakungoja. Phanuel ana nguvu. Mwache akubebe."

Mama Makhanu akageuza uso. "Wewe unajua unachosema? Nikirudi Shianda nitawaambia nini wenzangu? Kwamba nilimpandia mkwe wangu kama punda? Mimi niliyewafunga mdomo wote?"

Phanuel alikuwa amesimama ndani ya maji, kichwa ameinamisha, kifua kinapanda na kushuka. Kisha akafanya kitu ambacho Rachael hakukitarajia. Akageuka. Akampa mama mkwe mgongo, akapiga magoti kwenye ukingo wa mwamba, maji yakimpiga mbavuni, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akamsemesha yeye mwenyewe, bila mtoto katikati.

"Mama," akasema akiyatazama maji, "mgongo hauna macho. Panda."

Mama Makhanu akasimama. Ngurumo ya Khulwanda ilikuwa nyuma yake, ngurumo ya kijito mbele, na yeye alikuwa katikati, mdogo, amelowa, na sura ya mtu anayesoma barua ndefu. Maji yalimgusa vidole vya miguu. Aliyatazama. Halafu akafungua leso iliyokuwa kiunoni mwake, akaikunja mara nne, akaitandika juu ya mgongo wa mkwewe kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Akapiga moyo konde, akapanda.

Rachael akavua leso yake mwenyewe, akawafunga wote wawili kwa fundo la kubebea watoto, fundo ambalo mama huyo huyo ndiye aliyemfundisha. Kisha akashika mshipi wa mumewe kwa nyuma kwa mikono miwili, na wote wakaingia.

Maji yalikuwa na nguvu ya fahali. Yalimfika Phanuel kiunoni, yakawa yanamsukuma upande, yanamtafutia kosa. Alipiga hatua ndogondogo akipapasa kwa vidole, maana ndani ya wekundu ule hapakuonekana kitu. Katikati ya kijito goti lake likakunjika. Rachael akafumba macho. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amekishusha kile kitambaa shingoni, mkono mmoja umemkumbatia Phanuel shingoni bila leso yoyote katikati, na mwingine umeishika fimbo, unaichoma mbele yao ndani ya maji, hapa, pale, hapa.

"Kushoto," akaamuru. "Mguu wa kushoto. Hapo kuna jiwe."

"Nimelipata."

"Usikanyage ukingo wake. Kati. Sasa ngoja gogo lipite. Ngoja. Haya."

"Mbele kukoje, mama?"

"Mbele kuna shimo. Pita juu kidogo. Wewe kijana, huwa unakula kweli? Simama kama mtu."

"Nimesimama, mama."

Kwa hiyo wakavuka: miguu ya mmoja na fimbo ya mwingine, mwenye nguvu asiyeona chini na mwenye jicho moja aliyejua mito tangu utotoni. Rachael, nyuma yao, alihisi mshangao mkubwa kuliko ule wa maporomoko. Alikuwa ameishi na watu hawa wawili, mmoja tangu kuzaliwa, mwingine tangu kuolewa, na hakujua kwamba sauti zao zikikutana zinafanana na za watu waliolima shamba moja miaka mingi.

Upande wa pili, Phanuel akapiga magoti tena. Fundo likafunguliwa. Mama Makhanu akashuka, akarekebisha gauni lake, akafunga kitambaa chake kichwani kwa uangalifu. Khalayi akamrukia mama yake, akajizika shingoni mwake. Phanuel akachukua mkoba, akatangulia hatua kumi na tano, na safari ikaanza kama ilivyokuwa asubuhi, isipokuwa kila mmoja aliacha nyuma yake mstari wa matone.

Mvua yenyewe ikawafikia njiani, lakini ilikuja imechoka. Majani ya juu yaliipokea na kuidondosha tone kwa tone. Baada ya mwendo mrefu Mama Makhanu akasafisha koo.

"Khalayi. Mwambie baba yako jambo hili lina kuku. Ni lazima achinje kuku, tuombe, liishe."

Khalayi akakimbia, akarudi. "Baba anauliza jogoo au tembe."

"Jogoo. Mkubwa."

Akakimbia, akarudi. "Baba anasema kwa vile ulivyo mzito, ni wewe ungeleta wawili."

Rachael alishika pumzi. Utani wa aina hiyo haukuwahi kupita njia ile. Mama Makhanu alitembea hatua tano, sita, akiangalia mbele kwa jicho lake moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kinene, cha tumboni, mpaka akalazimika kuegemea mti wa serikali. Huko mbele, bila kugeuka, Phanuel naye alikuwa akicheka.

Langoni walimkuta Andati akiwa na kamba begani na kijana mmoja kando yake, tayari kuwafuata. Aliposikia mlio wa kijito alijua kwamba kuna watu wamefungiwa Khulwanda. Aliwatazama mmoja mmoja, akawahesabu kwa macho, akashusha pumzi. Alikuwa mzee wa hapo hapo, mwenye wakwe zake na mila zake. Macho yake yakamwendea Phanuel, yakaenda kwa Mama Makhanu aliyesimama mbali naye, yakarudi.

"Mulembe, mama, amani kwako. Tumshukuru Mungu," akasema. "Lakini maji yale nayajua. Wewe umevukaje?"

Phanuel alitazama viatu vyake. Rachael alifungua mdomo; alikuwa tayari kusema kwamba walingoja yakashuka, uwongo mdogo, safi, wa kumstiri mama yake. Kule nyumbani, mama angeweza kuupeleka uwongo huo Shianda na kuishi nao kwa amani.

Mama Makhanu akamshika mkono, akamzuia. Akajinyoosha kama anayeitwa jina kanisani.

"Baba," akamwambia Andati, "mimi nimeshika mila yangu tangu nikiwa msichana, na kesho nitaishika tena. Lakini leo nimejua kwamba ua hujengwa kwa ajili ya ng'ombe, wala si ng'ombe kwa ajili ya ua. Lisilo budi hutendwa."

Andati akakunja uso, bado hajaelewa, akawatazama tena mmoja baada ya mwingine. Khalayi akamwonea huruma. Alijitoa mkononi mwa mama yake, akasogea mbele, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Baba alimbeba Kukhu, na hakumwangusha."